Kaseti ya mzee, sauti ya treni, na nilivyojifunza kutafuta bluzi za zamani bila kulipa

Naanza na kosa lililoniuma kuliko yote maana ndio lililonifanya niandike haya. Mwaka 2019 baba alinipa kaseti yake moja ya zamani, kasha lilishapotea, ubavuni kuna kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu "Blues Mississippi" basi (bluzi ni muziki wa Watu Weusi wa kusini mwa Marekani, na Mississippi ni jimbo la huko), hakuna jina la mwimbaji, hakuna mwaka. Rafiki yake aliyekuwa baharia ndiye aliyemnakilia, na sisi tulipokuwa wadogo alikuwa anaiweka Jumapili mchana baada ya chakula. Watu wanapiga magitaa kwa nguvu, kuna hamonika, kuna kitu kinalia kama mandolini, mmoja anaimba kama anagombana na mtu aliye ng'ambo ya mto na wenzake wanamuitikia. Mimi gitaa nimejifunza kwa sababu ya ile kaseti, kwa hiyo mzee aliponiambia iingize kwenye kompyuta kabla haijafa niliona amenipa kazi ya heshima.

Nikaazima redio kaseti kwa jirani, nikachomeka waya kwenye laptopu, nikarekodi. Kwenye wimbo mmoja nikasikia mvumo. Unaanza kwa mbali chini ya magitaa, unapanda, unajaa, halafu unashuka taratibu mpaka unapotea, na jamaa wanaendelea kupiga kama hakuna kitu. Nikasema hii ni kaseti imechakaa. Nikachukua programu ya bure ya kuhariri sauti, nikapunguza kelele, nikakata masafa ya chini yote, mvumo ukaisha, nikasevu juu ya faili lile lile. Siku ya pili nikampelekea mzee asikilize kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Treni umeipeleka wapi?"

Nikamwambia baba ile sio treni, ni kelele za utepe. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimefanya kazi reli maisha yangu yote, treni naijua." Nilinyamaza kwa adabu tu lakini moyoni sikukubali. Wiki hiyo hiyo nikasema ngoja nirekodi upya nimridhishe, utepe ukajisokota ndani ya ile redio ukakatika vipande vinne. Nilijaribu kuunga na selotepu, ikawa mbaya zaidi. Kwa hiyo nikabaki na faili moja lililokatwa nusu ya sauti zake, bila jina la mtu yeyote, na mzee ambaye hakunisema neno, na huko kutokusema ndiko kulikonitesa.

Basi nikaamua nitaitafuta ile rekodi hadi niipate. Imenichukua karibu miaka miwili na ningeweza kuimaliza kwa wiki mbili kama ningejua ninayoyajua sasa.

Kwanza niliingia YouTube kama kila mtu, nikaandika bluzi za zamani za Mississippi. Zinakuja mamia. Shida ni kwamba wengi wanaopandisha wanaandika jina lolote, wanaweka picha ya mtu mwingine, wimbo mmoja nimeukuta kwa majina matatu tofauti. Huwezi kuamini kitu ambacho hakisemi kilirekodiwa wapi, lini na nani. Nilipoteza miezi humo.

Kosa la pili ni la hela. Nikakutana na websaiti inajitangaza ina rekodi adimu za bluzi ambazo hazipatikani popote, uanachama dola 30. Nikalipa kwa kadi ya simu, na makato yake ilikaribia shilingi 80,000, na mwezi huo nilikuwa sina kazi ya maana. Nikadaunlodi mafaili zaidi ya 400, yana majina ya namba tu. Nikiwa nasikiliza, kwenye faili moja sauti ya mzee wa Kizungu inatangaza mwanzoni jina la mwimbaji, mji na tarehe. Nikaandika yale maneno nilivyoyasikia, nikayatafuta, nikaipata rekodi ile ile kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, bure, na maelezo yake kamili. Kumbe nimelipia kitu cha bure na nimeuziwa bila maelezo. Hiyo hela sikurudishiwa. Kwa hiyo naomba sana, mtu akikuuzia bluzi adimu za kabla ya 1950, kwanza nenda kwenye hifadhi zenyewe uangalie.

Hiyo Maktaba ya Bunge (loc.gov) ndio pa kuanzia. Wana mkusanyiko wa safari ya mwaka 1939, mzee John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu wa kawaida, na mke wake Ruby walizunguka majimbo ya kusini kuanzia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Juni, maili 6,502, hiyo ni zaidi ya kilomita 10,000, wakirudi na rekodi kama 700 hivi. Bluzi, nyimbo za kazi, nyimbo za kanisa, za watoto, za magereza. Na Ruby alikuwa anaandika, sehemu waliyofikia, mwimbaji alikuwaje, nani alikataa kuimba, na maandishi yake yapo humo humo unasoma. Kuna mkusanyiko mwingine wa tamasha za chuo cha Fort Valley kule Georgia, 1938 mpaka 1943, chuo cha Watu Weusi wenyewe, wanamuziki wa vijijini wanakuja kupiga mbele ya watu wao na hilo unalisikia, wanaimba tofauti na mtu anayeimba mbele ya mgeni mwenye mashine. Mimi naupenda zaidi huo wa Fort Valley japo watu wengi hawautaji.

Kuhusu bando sasa. Ukifungua rekodi pale mara nyingi unapewa aina mbili za faili, WAV na MP3. Mimi kwa kutaka ubora nikawa nachukua WAV. Wimbo wa dakika tatu, WAV ya ubora wa kuhifadhia hata ikiwa ya chaneli moja inafika MB 50, wakati MP3 yake ni kama MB 3. Nilimaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja na nyimbo ishirini tu. Sikiliza kwanza hapo hapo kwenye ukurasa, ukipenda chukua MP3, WAV chukua tu ile unayotaka kujifunza nota kwa nota au kuihifadhi. Kama kuna chuo au maktaba karibu yenye waifai, andaa orodha nyumbani, nenda asubuhi, daunlodi zote kwa mkupuo. Mahojiano ya redio ya saa nzima kwa ubora wa kawaida ni kama MB 60, hiyo inavumilika.

Kosa la tatu ni kudaunlodi bila kuandika. Baada ya kugundua loc.gov nilipagawa, nikabeba kila kitu, fleshi ikajaa. Mwezi mmoja baadae nina mafaili 300 sijui lipi ni la nani. Ikabidi nianze upya kabisa. Siku hizi nina daftari la kawaida tu la kurasa 96, kila rekodi ina mstari wake: jina la mwimbaji kama lilivyoandikwa pale, mji na kaunti, tarehe, nani alirekodi, na namba ya rekodi ya hifadhi. Za field, yaani zilizorekodiwa huko huko watu wanakoishi na sio studio, za Maktaba ya Bunge namba zake zinaanza na AFS. Ile namba ni muhimu kuliko jina la wimbo, kwa sababu bluzi jina la wimbo mmoja wanaimba watu thelathini kila mtu na maneno yake, lakini namba ni ya santuri moja tu. Naandika kabla sijabonyeza daunlodi, sio baada.

Majina ya watu nayo yana mitego. Kuna Sonny Boy Williamson wawili, wote wapiga hamonika, wote wakubwa. Mmoja ni John Lee, aliuawa Chicago 1948, mwingine alijulikana pia kama Rice Miller akafariki 1965, na nilikaa miezi nikidhani ni mtu mmoja ambaye sauti imebadilika. Muddy Waters kwenye rekodi zake za kwanza ni McKinley Morganfield. Lead Belly ni Huddie Ledbetter. Charley Patton kampuni ilimtoa pia kama Masked Marvel, na nyimbo za dini wakamwita Elder J. J. Hadley. Kwa hiyo ukitafuta jina la umaarufu tu unaacha nusu. Tafuta jina la kuzaliwa, tafuta kwa kosa la herufi, na zaidi ya yote tafuta kwa mahali. Mimi nimepata vitu vingi zaidi kwa kuandika jina la kaunti au gereza kuliko jina la mtu. Na ujue katalogi zimeandikwa na watu wa wakati ule, neno kama Negro ambalo leo limeachwa utalikuta kila mahali, na usipoliandika kwenye kisanduku cha kutafutia kuna rekodi hazitokei. Inakera, lakini ndivyo zilivyopangwa.

Kwa santuri za madukani, yaani zile za kampuni, kuna orodha ya Chuo Kikuu cha California Santa Barbara inaitwa DAHR, unaingiza jina inakupa tarehe ya kurekodi, mji, waliopiga, namba ya santuri, na nyingine unazisikiliza pale pale. Nikiwa na shaka na tarehe naingia huko. Kusikiliza kwa wingi ni Internet Archive, kuna mradi wao wa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile za zamani. Humo wengi wanachanganyikiwa kwa sababu santuri moja ina mafaili mengi ya wimbo ule ule, na sababu yake ni kwamba wamecheza sahani kwa sindano za ukubwa tofauti, kila sindano faili lake. Chukua moja tu, usimalize bando kwa sindano nne. Ukikuta nyingine haichezi usishangae, 2023 kampuni kubwa za muziki ziliwashtaki na kesi ikamalizika kwa makubaliano 2025.

Hapo ndio nije kwenye kosa la nne, ambalo nilijiona mjuaji. Nilitengeneza video naelezea upigaji wa gitaa kwa chupa, yaani kutelezesha shingo ya chupa kwenye nyuzi, nikaweka chini yake rekodi ya 1937 niliyoidaunlodi bure. Baada ya siku mbili video ikaondolewa na chaneli yangu ikapewa onyo. Nilihisi nimeonewa, maana mwimbaji amekufa zamani na faili nimelipata bila kulipa. Lakini kusikiliza bure ni kitu kimoja na kutumia ni kingine. Sheria ya Marekani ya 2018 ilipanga hivi: rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zote zikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2022, halafu zinazofuata mpaka za 1946 kila moja inasubiri miaka 100, yaani za 1923 zikafunguka Januari 2024, za 1924 zikafunguka 2025, na kuendelea. Robert Johnson alirekodi 1936 na 1937, hesabu mwenyewe. Zilizofunguka tayari ni za kina mama hasa, Mamie Smith wa 1920, Bessie Smith alivyoanza 1923, na mwaka huo huo wa 1923 Sylvester Weaver wa Louisville akarekodi gitaa lake peke yake, na huyo ukiwa unafundisha gitaa ni mtu wa kumsikiliza kwa makini na humuombi mtu ruhusa. Rekodi za field zina masharti yake, kila ukurasa pale loc.gov una sehemu ya haki, isome yote kabla hujapandisha kitu. Nyingine wanasema wazi kwamba wao hawajui warithi wako wapi na wewe ndiye wa kubeba jukumu.

Mpaka hapo nilikuwa nawinda nyimbo tu. Mahojiano nilikuwa nayaruka, Kiingereza cha kusini kule kigumu, mzee anameza maneno, upepo unapiga maiki. Hilo nalihesabu kosa pia na huenda ndilo kubwa kuliko la video. Siku moja umeme umekatika, simu ina chaji, nikafungua mahojiano badala ya wimbo. Alikuwa Fountain Hughes, alirekodiwa Baltimore 1949, mtu aliyezaliwa utumwani, yumo kwenye mkusanyiko wa Maktaba ya Bunge wa sauti za waliokuwa watumwa. Anasimulia kwa utulivu, kama babu yeyote kibarazani. Anafika mahali anasema angejua atarudi kuwa mtumwa angejimaliza kwa bunduki kuliko kurudi. Nikasimamisha, nikatoka nje nikakaa ngazini gizani. Nimeimba hizi nyimbo miaka kumi bila kujua zimetoka kwenye midomo ya watoto na wajukuu wa watu kama huyu.

Tangu siku hiyo mahojiano ndio nayatafuta kwanza. Shirika la Arhoolie wameweka mazungumzo ya Chris Strachwitz, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeanzisha lebo yake (kampuni ya kutoa santuri) 1960 na santuri yake ya kwanza ikawa ya Mance Lipscomb, mkulima wa Navasota, Texas. Strachwitz alikuwa anawaacha watu waongee, habari za mazao, za wenye mashamba, za ngoma za Jumamosi usiku, na katikati gitaa linachukuliwa mtu anaonesha anachosema. Kuna hifadhi ya Studs Terkel, mtangazaji wa redio WFMT ya Chicago tangu 1952 mpaka 1997, maelfu ya vipindi, na Big Bill Broonzy yumo anaongea na kuimba. Baadhi ya vipindi vina maandishi, fungua maandishi upande mmoja usome huku unasikiliza. Pasipo na maandishi mimi napunguza spidi kidogo mpaka 0.75, na narudia mara tatu. Mara ya kwanza naambulia majina ya miji tu, ya pili naanza kuelewa, ya tatu nacheka pale wanapocheka.

Kuna mazungumzo mengine sitayasahau. Miaka ya 1940 Alan Lomax, mtoto wa yule mzee John, aliwakalisha wanamuziki watatu wa bluzi New York, Broonzy, Memphis Slim mpiga piano, na yule Sonny Boy wa kwanza, wakaongea wenyewe kwa wenyewe bluzi inatoka wapi: kambi za kujenga kingo za mto, magereza, watu kuuawa bila kesi. Alipowarudishia wasikie walichosema wakaogopa sana, wana ndugu kusini, wakaomba majina yao yasitajwe. Ilipotoka mwisho wa miaka ya 1950 ilitoka kwa majina ya uongo, na majina yao halisi yakawekwa wazi 1990, wote watatu wameshafariki. Kwa hiyo ukikuta rekodi haina jina usikimbilie kusema aliyeandika alikuwa mzembe. Huenda kuna mtu alikuwa anaokoa familia yake.

Nirudi kwenye kaseti. Kilichonifungulia njia ni vijitabu. Maktaba ya Bunge ilitoa santuri za rekodi zake zamani na vijitabu vya maelezo vipo PDF, bure. Smithsonian Folkways, lebo ya taasisi ya Smithsonian ya Marekani, nao, muziki wenyewe wanauza lakini vijitabu vya santuri zao unadaunlodi bila kulipa, kurasa na kurasa za nani, wapi, lini. PDF moja ni MB chache tu, bando halihisi. Nikaacha kusikiliza nikaanza kusoma, kila jioni kimoja au viwili, natafuta kitu kimoja tu: magitaa, hamonika na mandolini pamoja, Mississippi. Hicho ni kikundi kisicho cha kawaida, bluzi nyingi za field ni mtu mmoja na gitaa lake.

Ndipo nikafika kwenye utafiti wa Coahoma, kaunti moja ya Mississippi, 1941 na 1942. Kila mahali unaambiwa ni utafiti wa Alan Lomax. Sio wake peke yake. Ulikuwa wa Maktaba ya Bunge pamoja na Chuo Kikuu cha Fisk cha Nashville, na wasomi Weusi wa pale, John Work, Lewis Jones na Samuel Adams, walifanya kazi kubwa, maandiko yao yakapotea kabatini miongo na miongo mpaka yalipochapishwa 2005. Hili linaniudhi mpaka leo. Nimepoteza muda mwingi kwa kutafuta jina la Lomax tu, na siku nilipoanza kuandika majina ya hao watatu pamoja na Fisk mambo yakafunguka. Ukitafuta rekodi yoyote iliyofanyiwa watu wetu au watu kama sisi, uliza nani mwingine alikuwa pale mbali na mwenye mashine. Hata huku kwetu, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika na Kenya na Uganda 1950 na 1952 na kinasa sauti chake, rekodi ziko kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika iitwayo ILAM, Afrika Kusini, na unapozifungua utauliza swali hilo hilo, nani alimpeleka kijijini, nani alimtafsiria.

Ni utafiti huo ndio uliomkuta Muddy Waters akiwa dereva wa trekta kwenye shamba la Stovall, Agosti 1941. Na kabla ya mwezi huo kuisha wakamrekodi Son House, mwimbaji mwingine wa bluzi. Nikasoma maelezo: Son House anaimba na gitaa, Willie Brown gitaa, Joe Martin mandolini, Leroy Williams hamonika. Mikono ilianza kunitetemeka. Nikaendelea. Palipofanyika kurekodi ni Lake Cormorant, Mississippi, ndani ya duka la kijijini, kwa sababu duka lilikuwa na umeme wa kuendeshea mashine. Na duka liko kando ya reli. Na kwenye wimbo mmoja treni inapita na inasikika kwenye rekodi.

Nilikaa pale na simu mkononi. Kitu nilichokata kwa kubonyeza mara mbili, nikakiita uchafu, ndicho kilikuwa anuani ya ile rekodi. Kama ningekiacha ningeandika tu bluzi, Mississippi, treni, na ningefika siku ya kwanza.

Kwa hiyo kama una kaseti nyumbani, ya bluzi au ya taarabu au ya harusi ya dada yako: rekodi mara ya kwanza bila kugusa chochote, weka nakala sehemu mbili, fleshi moja na nyingine nje ya nyumba yako, na kusafisha fanya kwenye nakala ya tatu. Usikate mwanzo wala mwisho ambapo hakuna muziki, humo ndimo watu wanaongea. Redio kaseti ya kuazima isafishe kichwa kwa spiriti na pamba kabla ya kuweka utepe wa miaka thelathini, na ukiweza mpelekee fundi akague mpira wake, ni elfu chache tu. Na muulize mwenye kaseti anasikia nini humo, andika anachosema hata kama huamini.

Rekodi yenyewe niliipata YouTube, na safari hii nilijua ninachotafuta, nikalinganisha majina, tarehe na mahali na daftari langu. Nikasafiri mpaka Korogwe wikiendi ile, sikutaka kumtumia kwa WhatsApp. Nikamkuta kibarazani. Shikamoo baba, marahaba, za Dar, nzuri, tukala kwanza. Halafu nikamuwekea, na spika ndogo niliyonunua njiani ili sauti za chini zitoke.

Mvumo ulipoanza aliinua kidole. Hakusema kitu mpaka ulipopita wote. Nikamwambia baba naomba unisamehe, ilikuwa treni, na nikamsomea kwenye daftari: Lake Cormorant, 1941, duka kando ya reli. Akauliza duka lilikuwa umbali gani na njia, nikamwambia karibu sana. Akatikisa kichwa.

"Makaa hayo," akasema. "Kichwa cha mvuke. Rudisha nyuma, usianzie inapopita. Anzia pale haijafika."